Kibao cha Laini ya Nne

4 Februari

Dada,

Shikamoo nimeiweka akiba. Nitakupa siku utakayoonekana hapa nyumbani.

Naandika kwa sababu simu sisi wawili haitufai. Tukipigiana, hatufiki mbali kabla mmoja hajamkatia mwenzake, na mara nyingi anayekata ni wewe. Barua huwezi kuikatiza. Dereva wa lori linaloniletea mbao anapita huko kwenu, ataiacha kwa mlinzi wa geti la kiwanda chako.

Mama ametolewa mtoto wa jicho. Ulisema utakuja, hukuja. Mara umebanwa na zamu, mara pua inatoka damu, mara magoti yanauma. Sababu zako hazikauki. Unaumwa kama bibi kizee na hata mvi huna. Nikasema sawa, nikampeleka mwenyewe, nikamwongoza mkono, nikamtia dawa za matone mwenyewe.

Halafu juzi binti wa jirani, yule mnayefanya naye kazi, kaja likizo na kunionesha picha yako kwenye simu. Dada, mashavu gani yale! Shingo imekwenda wapi? Mafundi wenzangu waliipokezana ile simu karakana nzima. "Dada yako anakula vizuri huko." Nikacheka nao, lakini nilitamani kuvunja kitu, na nikakivunja: mguu wa stuli ya mteja, ulionichukua asubuhi nzima.

Mama nilimwonesha pia, aione kwa jicho lake jipya. Akaitazama sana, akasema neno moja ambalo sikutaka kulisikia, maana siku zote ni kukutetea tu.

Sasa niambie. Kama unakula ukashiba na sisi umetuchoka, sema wazi tujue.

Mdogo wako,
Randa

(Jina hili ulinipa mwenyewe, ukidai mdomo wangu unachonga watu. Basi leo umechongwa.)


19 Februari

Randa,

Marahaba. Hukuniamkia lakini nimeichukua, ni haki yangu.

Unataka kujua ninakula nini. Nakula vidonge. Asubuhi nakunywa chai, nasukumia vidonge. Hayo mashavu mliyoyapokezana na mafundi wenzako ni ya dawa. Inavimbisha uso, inaondoa usingizi, inanifanya nitake kumpiga mtu, na leo nimempata.

Sasa kaa chini usome, usirukeruke mistari kama kawaida yako.

Ilianza kwenye pua. Damu, kila asubuhi. Kisha magoti, kisha vifundo vya mikono, nikawa nashindwa kushika mkasi. Kisha mkojo. Wewe nimekuogesha mwenyewe, ukanikojolea mara ngapi sijui, na leo nikae nikuandikie habari za mkojo wangu! Lakini umeyataka. Ulikuwa na povu kama umetiwa sabuni, baadaye ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Hauumi wala hauchomi. Ni hiyo rangi tu.

Nikaenda zahanati. Wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa dozi. Nikarudi, maambukizi tena, dozi nyingine. Mara ya tatu mhudumu akaniuliza mbele ya foleni nzima kama mwanaume wangu ametulia. Mwanaume gani, Randa? Unaniona na mwanaume? Watu kwenye benchi wakageuka kunitazama. Nilirudi nyumbani nikiwa na dozi ya tatu mkononi na fedheha ya kunitosha mwaka.

Miezi sita nimemeza dawa za ugonjwa ambao sina. Miguu ikavimba hadi viatu vikanikataa, na kwenye miundi yakatoka madoa ya zambarau. Ndipo nikaenda hospitali kubwa. Daktari wa figo, binti mdogo kuliko wewe, hakuongea sana. Alinichoma sindano mgongoni, akatoa kinyama cha figo kidogo kama punje, kikapimwa.

Ni hivi. Kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na wadudu, imenigeukia mwenyewe. Inashambulia mishipa midogo ya damu, inaivimbisha, inaiharibu. Ilianzia puani, ikapita kwenye viungo, ikafika kwenye figo, na huko mishipa ni mingi na myembamba. Nusu ya figo zangu imeshakufa na haitarudi. Tunagombania nusu iliyobaki. Kama ningefika mapema, daktari alisema. Nikamwambia nilifika mapema, ila nilifika kwa watu wasiosikiliza.

Sikukwambia kwa sababu Mama alikuwa na jicho lake, na wewe una mdomo. Usimwambie. Naapa ukimwambia sitakuandikia tena.

Dada yako, mwenye mashavu


6 Machi

Dada,

Nimesoma mara nyingi. Fundi mwenzangu kaniuliza kama kuna msiba, nikamfukuza karakana.

Nina hasira na hiyo zahanati. Nina hasira na huyo mhudumu, na nikimjua nitakwenda kumuuliza maswali yangu mbele ya foleni yake. Lakini wewe ndiye umenichoma zaidi. Miezi yote hiyo unavimba peke yako chumbani, na mimi ndugu yako wa tumbo moja napata habari baada ya kukutukana! Umeniacha nikucheke mbele ya watu. Hilo sikusamehi haraka.

Mama alichosema siku ile nakuandikia sasa. Alisema, "Huyu hajanenepa, huyu amevimba." Nikamjibu kwamba jicho bado halijapona vizuri.

Mimi nina figo mbili, nzima. Moja ni yako. Sikuulizi, nakuarifu. Mwambie daktari wako aseme siku, nitapanda lori hilihili la mbao nije.

Na dawa umeze. Nakujua, ukiona nafuu unaacha. Ukiruka hata kidonge kimoja nitajua.

Randa


2 Aprili

Randa,

Figo yako iache hapo ilipo. Nani kakuomba? Zangu zilizobaki bado zinafanya kazi, na daktari anasema tukiuzima huu moto zinaweza kunifikisha mbali. Tena figo yako mimi siitaki, itakuja kunisemesha usiku na mchana.

Sasa nimeongezewa dawa kali, kidonge cha kila asubuhi. Hiki ndicho kinachotegemewa kuituliza hiyo kinga iliyopandwa na kichaa. Sharti lake ni maji mengi, maana mabaki yake hukusanyika kwenye kibofu na yakikaa yanaunguza. Daktari kanionesha chupa, kaniambia kiasi cha siku. Nakunywa chote, sibakishi hata tone.

Nimerudi kwenye mashine yangu, laini ya nne, nashona kola za mashati. Kiwandani sijasema naumwa nini. Kila kitu kinakwenda, acha kunipigia kelele.

Dada


27 Aprili

Dada,

Kila kitu kinakwenda, siyo?

Dereva wa lori kapita hapa, kaniambia mlinzi wenu wa getini kamwambia kwamba umetolewa kiwandani umebebwa, sketi imelowa damu. Mlinzi anajua. Dereva anajua. Pengine hata tairi za lori zinajua. Mimi ndiye wa mwisho, kama kawaida.

Umeacha dawa. Usinidanganye. Ulikuwa unaendelea vizuri, sasa ghafla damu kiasi cha kubebwa, maana yake nini? Ama umeacha, ama kuna mtu kakupa mizizi ya kuchemsha ukaona ndiyo itakuponya haraka. Nilikwambia nitajua. Unaichezea nusu iliyobaki, Dada! Unataka nikuzike na Mama akitazama kwa jicho nililompeleka mimi kutibiwa?

Mama kaniuliza kwa nini sili. Nimemwambia jino.

Nijibu.

Randa


5 Mei

Randa,

Sijaacha dawa. Sijaruka hata siku moja. Mizizi kale wewe.

Damu hii haikuwa ile ya zamani. Ile ilikuwa kahawia na haikuuma. Hii ilikuwa nyekundu, ya mabonge, na kila tone lilinichoma kama pilipili. Nilikuwa nashona, nikasikia tumbo la chini linakatika, nikainuka, na kiti kilikuwa kimelowa. Wenzangu wakanizungushia kitambaa cha mashati nisionekane.

Hospitali waliniingiza kamera kupitia njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Daktari akanionesha kwenye skrini. Kuta zote nyekundu, zimechubuka, zinavuja. Akasema ni ile dawa imeunguza. Akaniuliza, "Maji unakunywa?" Nikamwambia nakunywa yote. Akauliza tena, nikamwambia tena, nikaanza kupandisha sauti. Ndipo akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unakunywa saa ngapi?"

Nikamwambia jioni, nikitoka kazini. Yote, mfululizo, mpaka tumbo linalia. Akasema, mbona jioni? Nikamwambia kila mtu anakunywa jioni. Akaniangalia. "Kila mtu nani?"

Randa, pale ndipo nilipogundua. Nimefanya kazi pale miaka mingi kiasi kwamba nilidhani dunia nzima inakunywa maji jioni. Kiwandani hatunywi. Mgeni akija na chupa ya maji tunamcheka, tunamwambia subiri utaona. Kwa sababu laini nzima, wanawake zaidi ya arobaini, tuna kibao kimoja. Kinaning'inia kwenye msumari karibu na meza ya msimamizi, tunamwita Filimbi kwa sababu haongei, anapuliza. Ukutani pameandikwa HAIRUHUSIWI KUTOKA KWENYE LAINI BILA KIBAO. Ukikikuta, unakichukua, unakwenda haja, unarudi. Usipokikuta, unabana. Mwenye mimba anabana. Mwenye kuharisha anabana. Ukikiomba mara nyingi unaandikwa mvivu. Kwa hiyo mtu anajifunza kukauka.

Mimi nikameza kidonge asubuhi, nikakauka siku nzima, dawa imekaa kwenye kibofu inaniunguza, halafu jioni nikajaza maji nikijiona mgonjwa mwaminifu.

Nilipomweleza daktari alitupa kalamu. Nilifurahi kuona mtu mwingine ana hasira. Alitaka kuwaandikia kiwandani, nikamkataza. Mwenzetu mmoja alipeleka cheti cha daktari, wakamwambia akapumzike nyumbani, na amepumzika mpaka leo. Nikipumzika mimi, dawa nitaipata wapi?

Sasa kidonge kimesimamishwa kibofu kipone. Lakini kikisimama, kinga inarudi kuzitafuna figo. Kibofu kikishapona atanianzishia ile dawa kwa dripu, pamoja na nyingine ya kukinga kibofu. Sharti ni kunywa kuanzia asubuhi na kwenda haja kila ninapobanwa. Bila hivyo haanzi, kasema wazi. Na asipoanza, nusu iliyobaki nayo inakwenda.

Hebu ona kitu kinachoniua. Filimbi alikiacha mezani wakati wa chakula, nikakichora kwa kukizungushia kalamu nyuma ya karatasi hii. Ukubwa wake ndio huo. Kiganja tu.

Na usithubutu kuja hapa kupigana na mtu.

Dada


11 Mei

Dada,

Sitakuja.

Hicho kibao kina rangi ya mbao yenyewe au kimepakwa, na rangi gani? Tundu umelichora juu, ni la msumari au la kamba? Maandishi ni ya kuchonga au ya rangi? Unene je, kama kidole gani? Na hiyo pembe ya kushoto imemeguka, au mkono wako uliteleza?

Jibu upesi, dereva anarudi wiki hii.

Randa


15 Mei

Randa,

Nakueleza kibofu changu kimeungua, wewe unaniuliza unene wa mbao! Una akili timamu? Nimekaa hapa nangoja ndugu yangu aniambie walau pole, naletewa maswali ya useremala!

Kimepakwa nyekundu, inabanduka na chini ni mbao nyeupe. Tundu ni la kamba, na kamba ni ya kiatu, nyeusi. LAINI 4 kwa rangi nyeupe, ile nne imepinda. Unene kama kidole changu cha mwisho. Pembe imemeguka kweli, mtu alikidondosha kwenye sakafu ya choo.

Umeridhika? Kaendelee kutengeneza stuli.

Dada


30 Mei

Dada, shikamoo.

Ndiyo, nimekuamkia. Usiizoee.

Dereva atakupa boksi. Humo mna mabaki ya mbao niliyokuwa natupa jikoni kwa Mama awashie moto. Nimeyakata, nimeyapiga msasa, kisha nimeyapaka nyekundu na kuibandua rangi kwa kucha, moja baada ya jingine. Kila pembe ya kushoto nimeimegua. Nne zote zimepinda. Kamba za viatu nimemaliza za duka zima, muuzaji ananiona mwendawazimu.

Sheria inasema hairuhusiwi kutoka bila kibao. Basi vibao hivyo hapo, laini nzima, na vichache vya ziada kwa wenye mimba.

Umenikataza kupigana, sijapigana. Umekataa figo yangu, sawa. Lakini mikono yangu huwezi kunipangia kazi yake. Nilikuwa na hasira nyingi sana, na mbao zilikuwa karibu.

Pole, Dada. Nilisahau kuliandika mara ya kwanza.

Randa


21 Juni

Mdogo wangu,

Boksi lako nililisukuma chini ya kitanda. Nilikutukana, tena kwa sauti, jirani akagonga ukuta. Nilisema umepagawa, utanifukuzisha kazi. Nikawa naligonga kwa kisigino kila nikishuka kitandani.

Kisha daktari akaniita. Akasema kibofu kimepona, lakini damu imepimwa na figo zimeanza kushuka tena. Akauliza, "Tunaanza au hatuanzi?" Nilirudi nyumbani nikalivuta boksi.

Siku iliyofuata niliingia nalo chumba cha kubadilishia nguo. Nilidhani watacheka. Yule mwenye mimba alikichukua cha kwanza, akakigeuza, akagusa ile pembe, akaanza kulia. Wengine wakavivaa shingoni, ndani ya blauzi. Hakuna aliyetoa hotuba.

Kila mtu alikuja na chupa ya maji. Tukanywa, asubuhi, mbele ya mashine zetu! Wa kwanza akainuka na kibao chake. Filimbi akaangalia. Wa pili akainuka na chake. Filimbi akasimama. Nilipoinuka mimi alipuliza mpaka mashavu yakawa kama yangu. Akadaka kimoja, akakigeuza, akadaka kingine. Akashindwa kusema kipi ni chake.

Meneja akashuka. Akauliza, kibao cha kweli kipi? Filimbi akamnyooshea kimoja, na mwenye nacho akamwonesha ukutani. Cha kweli kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari wake tangu asubuhi. Hakuna aliyekigusa. Hapo hata wakata vitambaa walicheka.

Meneja hakucheka. Akauliza nani kaanza. Niliogopa, Randa. Lakini hasira ilikuwa imetangulia kusimama. Nikamwambia, ni mimi. Nikamwambia nina ugonjwa wa mishipa ya damu, umekula nusu ya figo zangu, na kibofu changu kimeungulia kwenye kiti chake kwa sababu ya kipande cha kuni. Nilisema kuni. Nikamwambia aangalie kola kwenye kapu kama zimepungua. Akaangalia. Hazikuwa zimepungua.

Kasema nitapewa jibu. Sijapewa mpaka leo, na linaweza kuja kwenye bahasha ya kunifukuza. Mwenye mimba anasema nikifukuzwa wanatoka wote. Huenda, huenda wasitoke, wana watoto. Lakini msumari ule sasa hauna kitu. Kibao kaking'oa Filimbi mwenyewe, na juzi nilimwona ana chupa ya maji mezani. Sikumsalimia. Sijafika huko bado.

Dripu ya kwanza nimeshachomwa. Mkojo ni mweupe. Figo zimesimama palepale kwenye nusu yao, hazijashuka, na daktari kasema tunataka hivyohivyo. Zilizokufa nitazidai siku zote. Mhudumu wa zahanati sijamsamehe, na sina mpango.

Mama mwambie sasa, kila kitu. Anzia kwenye ile picha, umwambie jicho lake lilikuwa limepona.

Leo nilikuwa katikati ya kola haja ikanijia. Sikumtazama mtu yeyote. Niliinuka nikaenda.

Dada yako